Uliza Kocha: "Kaza kwanza, maji baadaye" ndo nini hii?

Meseji zenu za wiki hizi karibu zote ni za maji, nadhani ni hili jua. Mchana mimi ni muuguzi na jioni nafundisha watoto karate hapa Arusha, kwahiyo hili jambo linanigusa pande zote mbili na safari hii nimeamua nilipe nafasi yote. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, msione nimewaruka.

Habari kocha. Mwanangu ana miaka kumi, kaanza karate mwaka jana na anaipenda hatari. Jumamosi walianza saa nane mchana kwenye ukumbi wa bati, nimeenda kumchukua saa kumi nikamkuta kakaa chini pembeni, kichwa kinamuuma, midomo imemkauka, anasikia kutapika. Chupa yake ya maji imejaa vilevile nilivyoifunga. Kumuuliza sensei (mwalimu wao), ananiambia hapa tunafundisha uvumilivu mama, maji ni mpaka wamalize, wakinywa katikati wanakuwa wazito na tumbo linawauma. Mimi karate siijui. Nimwamini? – Mama wa Sakina, Arusha

Kwa hili usimwamini dada yangu, hata kama mengine yote anayafundisha vizuri.

Nianze na kumtetea kidogo kwasababu najua hiyo imani imetoka wapi. Mimi mwenyewe nimelelewa hivohivo, enzi zetu tulikuwa tunaomba ruhusa ya kwenda kunawa uso bombani ili ukiinama umeze mafunda mawili ya haraka mwalimu asione, na tulikuwa tunaamini kabisa kwamba anayevumilia kiu ndo ngangari. Nilipoanza kufundisha nikafanya hayohayo kwa watoto wa wenzangu. Mpaka siku moja nina binti wa miaka kumi na moja, kata yake (ule mpangilio wa hatua na mapigo anaoucheza peke yake) anaijua kama jina lake, akaanza kukosea. Anageuka kushoto badala ya kulia, mguu unaburuza, nikamfokea "makini!", akarudia akakosea palepale, nikamfokea tena. Mara ya tatu hakugeuka kabisa, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nilipomshika shingoni ngozi ilikuwa ya moto na mate yake yamekuwa mazito meupe pembeni ya mdomo. Yule mtoto hakuwa mvivu, alikuwa amekauka, na dalili ya kwanza ilikuwa ni ile kata nikaichukulia ni utovu wa makini. Tulimpoza akapona siku ileile lakini mimi sijawahi kuisahau ile sura.

Sasa kuhusu tumbo. Ni kweli mtoto akishindwa na kiu alafu ukamwachia chupa ya nusu lita aipige yote kwa pumzi moja na sekunde ileile arudi kuruka, tumbo litamsumbua. Kinacholeta shida hapo ni kumcheleweshea mpaka ana kiu ya kufa. Anayekunywa mafunda machache kila baada ya dakika kumi na tano ishirini hapati hilo tatizo, na kama hajazoea basi anazoea ndani ya wiki chache, tumbo nalo linafundishika.

Alafu kuna kitu nataka umwambie sensei kwa heshima. Zamani vitabu vilikuwa vinaandika kwamba mwili wa mtoto hauwezi joto kama wa mtu mzima. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kikapitia upya hilo jambo na kusema mtoto mzima wa afya anayekunywa maji ya kutosha anahimili joto karibu sawa na mkubwa, na kwamba mara nyingi kinachomwangusha ni vitu tunavyovipanga sisi: mazoezi makali kuliko uwezo wake, mapumziko machache, nguo nzito, maji kidogo. Yani hayo yote yapo mikononi mwa kocha. Mtoto wa miaka kumi aliyefundishwa kusema "osu" (ile "ndiyo" ya karate) hatanyoosha mkono aseme sensei nina kiu, atakaa nayo mpaka adondoke, ndo maana maji lazima yawe kwenye ratiba kama ilivyo kupasha mwili moto, asisubiriwe aombe.

Ongea naye pembeni, sio mbele ya watoto. Mwombe vitu viwili tu: kila dakika ishirini watoto wote wanywe, na siku za jua kali wasianze saa nane wasogeze hata saa kumi. Akigoma kabisa, aisee mtafutie mwanao dojo (ukumbi wa karate) nyingine, Arusha hii zipo. Na kama kile kichwa na kichefuchefu vimejirudia hata siku asizofanya mazoezi, mpeleke hospitali apimwe, isije ikawa ni kitu kingine kabisa tunakisingizia kiu. Kama ana sikoseli ndo usisubiri hata kidogo, kwa hao kukaukiwa maji kunaweza kuwasha maumivu makali, daktari wake ndo aseme afanye mazoezi kiasi gani.

Kocha mambo. Mimi ni senpai hapa Moshi, nasaidia darasa la watoto 34, umri miaka sita mpaka kumi na tano, bomba ni moja na liko nje. Naomba namba kamili, kila mtoto anywe kiasi gani? Na nawezaje kuwanywesha wote bila darasa kugeuka soko? – Senpai wa Pasua

Poa senpai, na hongera kwa kuuliza mapema.

Namba ya kushika ni hii: watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili, mililita 100 mpaka 250 kila dakika ishirini za mazoezi. Glasi ya kawaida ya nyumbani ni kama 250, kwahiyo sema kati ya nusu glasi na glasi nzima. Wadogo zaidi ya hapo waache wanywe mafunda kadhaa kila mara, usiwalazimishe kumaliza. Hao wakubwa wako wa kumi na tatu na kuendelea wanatofautiana sana, wengine siku ya joto wanahitaji mpaka lita moja au moja na nusu kwa saa, na wewe Moshi uko chini kuliko sisi, huku Arusha mtu yupo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, nyie hapo mjini hamfiki hata 1,000, joto lenu la Februari sio la kuchezea.

Ila namba hizo ni za kuanzia tu maana kuna mtoto anatoka jasho kama bomba na mwingine yuko mkavu kwenye mstari uleule. Ukitaka kumjua mtoto wako vizuri tumia mizani. Mpime kabla na baada ya mazoezi, ila asivae gi (vazi la karate), avae bukta na fulana kavu, maana lile gi la pamba likishalowa linabeba jasho na mizani itakudanganya. Nikupe mfano wa kijana wangu mmoja: alianza na kilo 41.2, akamaliza na 40.6, katikati alikunywa mililita 300. Kwahiyo alipungua gramu 600, jumlisha yale maji 300, jasho lililotoka ni kama mililita 900 kwa kipindi kimoja. Kilo moja iliyopungua ihesabu ni lita moja ya maji. Ukiona mtu amepungua zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake, kwa huyu ingekuwa kama gramu 800, ujue alishaanza kufanya vibaya kabla hujamaliza darasa, miguu inakuwa mizito, akili inachelewa, hasira zinakuja. Wala usiwapime kila siku, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto inatosha, na usimpime mtoto mbele ya wenzake, hasa wasichana. Kilo za mtu zisiwe habari ya ukumbi.

Kuhusu vurugu za bomba moja: achana na bomba. Kila mtoto aje na chupa yake imejazwa kabisa kutoka nyumbani, jina limeandikwa kwa maka pen, wote wanazipanga ukutani kwa mstari kama wanavyopanga kandambili mlangoni. Ukisema "mizu" (ndo maji kwa kijapani, watoto wanalipenda hilo neno) wote wanakwenda ukutani, wanapiga magoti, wanakunywa, wanarudi, dakika mbili imeisha. Weka na dumu la lita ishirini lenye koki kwa wale waliosahau au ambao nyumbani hakuna chupa, na vikombe vya kutosha, wasichangie kikombe kimoja maana mafua na mafindofindo yatakumalizia darasa. Mimi hiyo breki naihesabu kama sehemu ya somo, na nikwambie ukweli baada ya wiki tatu nidhamu yao ilikuwa nzuri kuliko mwanzo kwasababu hakuna tena mtoto wa kuomba ruhusa ya uongo ya kwenda chooni.

Shikamoo mama. Nina miaka 15 nacheza taekwondo. Huwa sinywi maji kabisa siku ya mazoezi kuanzia mchana kwasababu choo cha ukumbini ni kimoja tunachangia na wavulana na hakina hata komeo, alafu kuvua dobok (vazi letu) na hogu (kinga ya kifua) ni kazi, na siku nikiwa kwenye siku zangu ndo kabisa. Kichwa kinaniuma kila nikirudi nyumbani. – Binti wa Njiro

Marahaba mwanangu. Asante kwa kuandika hili, nimelisoma mara mbili na limeniuma kwasababu najua hauko peke yako, wasichana wengi wanaacha maji kwa ajili ya choo na makocha wanaume hawajui kabisa, wao wanaona tu binti amechoka.

Kwako kwanza. Kunywa mapema. Chakula cha mchana kunywa glasi mbili vizuri, masaa mawili au zaidi kabla ya mazoezi, ukojoe nyumbani au shuleni kabla hujatoka, maji ya ziada yanakuwa yameshapita. Alafu mkiwa ukumbini kunywa mafunda madogo madogo, hayo mengi yanatoka kama jasho hayafiki hata kwenye kibofu. Ile hogu na kofia vinaziba joto, kwahiyo mkipewa mapumziko fungua kamba za nyuma na vua kofia hata kama ni dakika moja. Angalia mkojo wako ukifika nyumbani: ukiwa kama maji ya limao uko sawa, ukiwa kama chai ya rangi unadaiwa maji. Kunywa taratibu mpaka usiku, na kula chakula chenye chumvi ya kawaida na supu ikiwepo, maji yakae mwilini.

Sasa kwenu makocha mnaosoma hapa. Komeo la mlango ni bei ya soda mbili. Nendeni dukani leo. Wekeni na ndoo ya maji, sabuni, na muda maalum wa wasichana kwenda wawili wawili kwenye kila breki. Na mwambieni mama mmoja wa wanafunzi awe mtu wa kuongea nao mambo ya siku zao, wapewe ruhusa ya kuvaa bukta nyeusi ndani au hata suruali ya rangi nyingine kwa siku hizo. Unamnunulia mtoto vifaa vya laki mbili alafu anashindwa kunywa maji kwasababu ya komeo!

Kocha mwanangu wa miaka 12 anasema timu nzima wanakunywa enaji kabla ya sparing (mapambano ya mazoezi), wanasema ndo maji ya wanamichezo. Ni sawa? – Baba wa Ngarenaro

Sio sawa baba, mkataze. Enaji sio maji ya wanamichezo, ni sukari na kafeini, na AAP hao hao waliandika wazi mwaka 2011 kwamba vinywaji hivo havina nafasi kabisa kwa watoto na vijana. Kikopo cha mililita 250 mara nyingi kina kafeini kama miligramu 80, kwa mtoto wa kilo thelathini na kitu hiyo inamfanya moyo uende mbio, mikono itetemeke, na usiku asilale. Usikichanganye na kile kinywaji cha wanamichezo chenye sukari kidogo na chumvi, hicho kina kazi yake mtu akitoka jasho jingi zaidi ya saa moja, lakini darasa la kawaida la saa moja maji matupu yanamtosha. Wakimaliza mpe ndizi mbivu, chungwa, kipande cha tikiti, au glasi ya maziwa. Loshoro ikiwepo ndo kabisa, mahindi na mgando, hapo unamrudishia maji, chumvi, wanga na protini kwenye bakuli moja na hujaenda supamaketi.

Mama kocha shikamoo. Nina miaka 16, mashindano ni baada ya siku tisa, nina kilo 57 nataka kuingia chini ya 52. Nimeshaanza kukimbia na koti la mvua juu ya traksuti saa saba mchana, nimejifunga na nailoni tumboni, na mwenzangu ana vidonge vya kukojoa. Siku mbili za mwisho nimepanga nisinywe maji kabisa. Nishauri nisiishiwe nguvu. – Chalii wa Kijenge

Marahaba mwanangu. Ushauri wangu ni uache leo, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Hizo kilo unazotoa na koti la mvua sio mafuta, ni maji ya damu yako. Ukishapima na kunywa zinarudi zote, ila kabla ya hapo damu imekuwa nzito, moyo unafanya kazi mara mbili, na jasho linashindwa kupoza mwili kwasababu umelifungia ndani ya nailoni haliwezi kukauka. Jasho linapoza likikauka kwenye ngozi, likibaki linatiririka ndani ya plastiki limekupotezea maji bure na joto umebaki nalo. Kwahiyo unakauka na unapanda joto kwa pamoja, hapo ndo watu wanakufa.

Na wamekufa kweli, sikutishi. Mwaka 1997 Marekani wanafunzi watatu wa chuo, wanamieleka, vijana wenye nguvu kukuzidi wewe, walikufa ndani ya kama mwezi mmoja tu, kila mmoja chuo chake, wote wakikata uzito namna hiyohiyo: nguo za mpira, chumba cha joto, baiskeli, hakuna maji. Baada ya hapo mchezo wao ukapiga marufuku nguo za mpira na sauna na kusogeza muda wa kupima uzito uwe karibu na pambano. Desemba 2015 tena, mpiganaji wa kulipwa alifariki Ufilipino kabla ya pambano baada ya kukata uzito, na shirika la ONE Championship alilokuwa anapigania likabadilisha utaratibu, wakaanza kupima mpaka mkojo kuhakikisha mtu hajajikausha. Wewe uko barabarani Kijenge saa saba mchana peke yako na koti la mvua.

Vile vidonge mwambie mwenzako avitupe. Vinamwaga maji pamoja na madini ambayo moyo unayatumia kupiga, na tena viko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA (shirika la dunia la kuzuia dawa michezoni), mkipimwa mnafungiwa.

Kilo tano kwa siku tisa haziwezekani kwa usalama kwa mtu wa umri wako ambaye bado anarefuka. Ingia uzito wako. Kama kocha wako ndo amekwambia ushuke, mwonyeshe hii, na kama bado analazimisha mwambie mzazi wako usiku huuhuu. Msimu ujao tukitaka kukushusha tutaanza miezi kadhaa kabla, kwa chakula, taratibu, na maji unakunywa kila siku mpaka asubuhi ya kupima. Na nikwambie kitu cha ulingoni: mtu aliyekuja na kilo zake zote na maji yake yote mwilini, raundi ya tatu bado anaona mguu unakuja. Aliyejikausha hauoni. Niandikie tena baada ya mashindano, nataka kujua umeendaje, uwe umeshinda au umeshindwa.

Tunakaa upande wa Oldonyosambu, maji yetu yana ile floraidi, watoto meno yameshaanza rangi ya kahawia. Unasema wanywe maji mengi, si ndo tunawaongezea? Tukichemsha inasaidia? – Mama wa watatu

Swali zuri sana na ni letu kabisa watu wa kuzunguka Mlima Meru, huko Dar hawalijui.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, hilo endelea nalo, lakini floraidi inabaki na maji yakipungua sufuriani inakuwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huku kwetu vinapita hapo mbali. Meno yanaharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, kwa meno ya mbele ni miaka ile ya utotoni kama mpaka minane, na ikiwa nyingi kwa miaka mingi inakwenda mpaka kwenye mifupa, umewaona wenyewe watu wenye miguu iliyopinda.

Ila usipunguze maji ya mazoezi, badilisha maji. Mvua haina floraidi ya kusumbua, kinga ya batini ihifadhi kwenye tenki safi lenye mfuniko, hiyo uichemshe na iwe ni ya kunywa na kupikia watoto tu, ya kufulia tumia yale mengine. Kuna filta za mkaa wa mifupa zinapunguza floraidi, pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kimefanya kazi hiyo miaka mingi, ulizia. Filta ya kawaida ya dukani usiamini tu kwasababu maji yametoka meupe, floraidi haina rangi wala ladha, uliza imetengenezwa kwa ajili hiyo au la. Na punguza magadi kwenye maharage na kiburu, magadi mengine nayo yamejaa floraidi, hapo wengi mnakosea bila kujua.

Kocha Ramadhani watoto wetu wa Bondeni wanafunga na bado wanataka kuja mazoezini. Tufanyeje? – Mzazi, Moshi

Miaka hii mfungo umeangukia kiangazi kwahiyo mpange vizuri. Mtoto ambaye hajabaleghe hajalazimika kufunga, hilo mnaongea nyumbani sio dojo. Kwa wanaofunga, hamisha darasa liwe saa moja na nusu au saa mbili usiku, wakishafuturu, au kama lazima iwe jioni liwe ni lile la mwisho kabla ya magharibi, kata taratibu na kunyoosha viungo, hakuna sparing hakuna mbio. Kufuturu waanze na maji na tende, uji, matunda yenye maji, alafu waendelee kunywa kidogo kidogo mpaka wanalala na tena daku. Wale wanaomeza lita moja na nusu dakika kumi kabla ya alfajiri wanaikojoa yote asubuhi. Na mtoto akisikia kizunguzungu darasa limeisha kwake, hakuna kubembelezana.

Tunakwenda Dar na timu ya vijana 18 kwa basi. Mwaka jana walifika hoi na siku ya pili wakapoteza karibu mapambano yote. – Kocha mwenzio, Arusha

Basi ndo liliwamaliza kaka. Masaa kumi na kitu, na watoto hawanywi kwasababu wanaogopa kuomba kuchimba dawa, dereva mwenyewe mkali. Wanafika Dar wameshadaiwa lita nzima kabla hawajapigana, wanakutana na lile joto la unyevu ambalo jasho halikauki. Ongea na dereva mapema kabla ya kuondoka, mkubaliane vituo, msitegemee ule mmoja wa chakula wa Korogwe tu. Kila saa kila mtoto mafunda kadhaa, wewe mwenyewe upite kwenye siti. Mwili kuzoea joto vizuri unataka kama siku kumi mpaka kumi na nne, najua hela ya kukaa Dar wiki mbili hakuna, lakini hata siku mbili tatu za mwanzo ni bora kuliko kufika usiku na kupima uzito asubuhi. Na huku nyumbani wiki mbili za mwisho wafanyishe mazoezi mchana kidogo badala ya jioni tu, kwa uangalifu na maji pembeni.

Mtoto anaweza kunywa maji mengi mpaka yakamdhuru? – Bibi wa Rau

Anaweza bibi, ingawa ni mara chache. Akilazimishwa lita kwa lita kwa masaa machache chumvi ya damu inashuka, anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Ndo maana sisemi "mnyweshe", nasema mpe nafasi mara kwa mara na mfundishe kusikiliza kiu yake. Akiwa mzito mwisho wa mazoezi kuliko alivyoanza, amezidisha.

La mwisho kocha. Akizima kabisa ukumbini tumwagie maji au tumkimbize hospitali? – Wazazi watatu tofauti, Arusha na Moshi

Vyote, ila kwa mpangilio huu. Kama ana kiu, kichwa, uchovu, lakini anaongea vizuri na anajua alipo: kivulini, vua gi, mlaze miguu juu, mpe maji kidogo kidogo. Nusu saa hajapata nafuu, hospitali. Kama kashaharisha au kutapika sana tumia pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa, ukiikosa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita, vijiko sawasawa sio vya mlima.

Kama anaongea hovyo, anapepesuka, hakujui, ameanguka, mwili wa moto, hapo joto la ndani linaweza kuwa limepita nyuzi 40 na kila dakika ina thamani. Usimpe kitu mdomoni. Mmoja apige simu atafute gari, wengine waanze kumpoza palepale: pipa au beseni kubwa la maji mtumbukize mwili kichwa mkikishika nje, hakuna beseni basi ndoo juu ya ndoo kuanzia kifuani, khanga zilizoloa kwapani, shingoni na mapajani mkizibadilisha kila zikipata joto, na mtu wa kupepea kwa nguvu. Gari likifika kabla hajapoa endeleeni kumpoza ndani ya gari madirisha wazi, wengi wanamfunika mtoto na shuka anapelekwa hospitali akiwa anaendelea kuiva.

Mimi pembeni ya mlango wa dojo nimeweka pipa la lita mia, limejaa muda wote, na khanga nne juu yake zimekunjwa. Watoto wameshazoea wanadhani ni la kumwagilia maua.